Mama watoto kaniuliza kwa nini nachangia mafunzo ya uongozi ya mabinti, nimekosa jibu

Fundi Cherehani, Morogoro

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi cherehani, na tangu mwaka jana natuma shilingi 10,000 kila mwezi kwa asasi inayofundisha mabinti uongozi. Nilianza baada ya kuwashonea sketi 40 za klabu yao. Binti aliyekuja kuzichukua hakuzidi miaka 17. Alizikagua moja moja, akaweka mbili pembeni kwa sababu zipu zilikaa vibaya, akaniambia kwa adabu kabisa: "Baba, hizi tutalipia ukishazirekebisha." Watu wazima hunilipa bila kuangalia, halafu wanakwenda kunisema sokoni. Yule binti nilimheshimu palepale.

Juzi mama watoto kaona meseji ya muamala. Hakugomba, aliuliza tu: "Binti yetu yuko kidato cha pili na anadaiwa mchango wa chakula. Hao wa watu unawapa ya nini, tena hata si ada?" Nikamweleza habari ya sketi, akasema huyo kafundwa na mama yake, si asasi.

Nyie mnaochangia, mnachangia kwa nini hasa?

Dereva wa Tabata

Mkeo yuko sahihi. Elimu bila ada ipo tangu 2016, na kidato cha tano na sita wakaongezwa 2022. Hizo semina za asasi nimewapeleka watu mara nyingi: hoteli, posho, fulana, picha ya pamoja, tunaondoka. Lipa chakula cha mwanao.

Mwalimu Mstaafu, Iringa

Mdogo wangu fundi, kwanza lipa hicho chakula, hapo dereva amesema kweli. Kikibaki kitu, nisikilize.

Nimefundisha sekondari miaka 33, na sita ya mwisho nilikuwa mlezi wa klabu ya wasichana. Msichana anaweza kukaa darasani miaka minne, akafaulu vizuri, na asiwahi hata siku moja kusimama mbele ya watu wazima akasema neno lake. Mimi nilikuwa hivyo. Mwaka 1979 akina mama wa jumuiya yetu kanisani walinichangia tranka, ndoo na mashuka mawili ili niende bweni. Nusu yao hawakunijua. Nikawa wa pili darasani, lakini kwenye baraza la shule nilikuwa namwomba Mungu mwalimu asitaje jina langu.

Sasa nikupe habari ya vyoo. Shule niliyostaafia ilikuwa na wasichana 184 na matundu manne. Kiwango cha serikali ni tundu 1 kwa wasichana 20, na kwa wavulana ni 1 kwa 25. Walimu wote tulikijua, tukazoea. Kisha akaanza kuja mwezeshaji wa asasi, binti wa miaka 23 aliyesoma palepale, kila Jumatano baada ya vipindi. Hakuwahubiria habari za kujiamini. Aliwafundisha kupanga ajenda, kuandika muhtasari, kupiga hesabu za bajeti, na kuzungumza dakika tatu bila kuinamisha macho. Muhula wa pili wakaanza kuipima foleni ya chooni wakati wa mapumziko. Wakagawa 184 kwa 20, wakaona yanatakiwa matundu kumi, yamepungua sita.

Msichana wa kidato cha tatu akasimama na karatasi hiyo kwenye mkutano wa wazazi. Sauti ilikuwa inatetemeka, na karatasi nayo. Mzee mmoja akamkatisha, eti mtoto wa kike haongelei choo mbele ya baba zake. Akanyamaza kidogo, akasema: "Shikamoo babu. Naomba nimalize, zimebaki dakika mbili." Akamaliza. Siku hiyohiyo wazazi wakakubaliana kutoa tofali na tripu za mchanga, na mwaka uliofuata yakajengwa matundu matatu. Matatu, si sita. Nililia kwenye gari nikirudi nyumbani.

Gharama ya klabu ile kwa muhula nilikuwa naisainia mwenyewe: nauli ya mwezeshaji, karatasi za bango, kalamu na chai. Haikufika shilingi 150,000. Kila mfadhili anapenda kununua daftari, kwa kuwa daftari linaonekana. Nauli ya yule binti haionekani, na bila nauli Jumatano haipo. Mimi pesa yangu naipeleka huko.

Kuna utaratibu mwingine ninaoupenda sana. CAMFED, shirika linalosomesha wasichana, walioanza Zimbabwe mwaka 1993 na hapa kwetu wapo tangu 2005, binti waliyemsomesha hurudi shule za kwao kujitolea. Akikopeshwa mtaji wa biashara, riba yake hailipi kwa pesa, anailipa kwa saa anazokaa na wadogo zake darasani.

Na wewe dereva, hoteli hizo nazijua na zinaniuma. Sheria ya mashirika yasiyo ya kiserikali ya mwaka 2002 inayataka yatoe taarifa ya kazi na ya fedha kila mwaka. Iombe. Wakikuzungusha, hamisha mchango wako.

Msomaji kutoka Nyeri

Nawasoma kutoka Kenya. Wangari Maathai, mama mtetezi wa mazingira, alizaliwa Ihithe, huku kwetu. Alikuwa anabaki nyumbani mpaka kaka yake Nderitu alipomuuliza mama yao mbona Wangari haendi shule kama wao. Mwaka 1960 akasafirishwa kwenda kusoma Kansas, Marekani, pamoja na mamia ya vijana wa mpango wa mwanasiasa wetu Tom Mboya, na wakfu wa familia ya Kennedy ndio uliolipia. Waliotoa zile pesa hawakujua kuna msichana atakayepigania msitu wa Karura na kupata Nobel mwaka 2004. Mimi huchangia Akili Dada, asasi ya huku Kenya ya uongozi wa wasichana, ilianzishwa 2005, kwa sababu msichana akipata ufadhili wao hutakiwa kurudi kwao na mradi wake mwenyewe. Mama watoto umpe salamu, swali lake ni la haki.

Fundi Cherehani, Morogoro

Asanteni sana. Mchango wa chakula nimelipa leo mchana, 35,000. Elfu kumi ya mwezi huu haijatoka, bado tunazungumza.

Maneno ya Mwalimu nimemsomea mama watoto. Alinyamaza mpaka nilipofika kwenye matundu, akamuita binti: "Kwenu wasichana wako wangapi, na vyoo vingapi?" Binti akasema wasichana ni 300 na kitu, vyoo hajawahi kuhesabu, kesho atahesabu.

Mwalimu, hicho kiwango cha 1 kwa 20 kimeandikwa kwenye waraka gani? Mkutano wa wazazi ni Ijumaa, na mama watoto anataka kwenda nacho mkononi.