Nifute zoezi la uwanjani nibaki na miwani ya uhalisia pepe? Naombeni ushauri

MkufunziZamu: Wakuu, heshima kwenu. Nafundisha wauguzi somo la maafa. Tumepata miwani ya uhalisia pepe: mwanafunzi akiivaa anajikuta kwenye jengo lililoporomoka, majeruhi kila upande, awagawe kwa uharaka wa kuhudumiwa, kwa utepe wa kijani, njano, nyekundu au nyeusi. Nataka kufuta zoezi la uwanjani. Niendelee? Silali.

NesiMstaafu: Sisi tulipakwa rangi nyekundu tukalazwa kwenye nyasi. Mimi nilikuwa maiti, nikapiga chafya! Lakini somo liliingia. Vijana wa sasa bila skrini hawaelewi.

FundiPicha: Macho yanaona mwendo, sikio la ndani linasema umetulia, ndipo kizunguzungu kinapoanzia. Waanze dakika chache, wameketi. Au tumia miwani inayoweka picha ya jeraha juu ya sanamu la mafunzo. Hapo mkono unagusa kitu.

KakaWodi: Mkuu, kifaa kipya hakimnyimi mtu usingizi. Kimetokea nini?

MkufunziZamu: Sawa. Kuna binti aling'oa miwani akajikunja chini ya meza, analia. Baadaye nikaambiwa aliwahi kufukuliwa kwenye kifusi. Sikuwauliza kabla. Ila wenzake 11 walifanya vizuri sana, na barua ya kufuta zoezi nimeshaandika.

MamaZamu: Kumbe umekuja kutafuta baraka. Mlikaa mkazungumza baada ya zoezi?

MkufunziZamu: Muda uliisha, darasa lingine lilikuwa mlangoni.

MamaZamu: Mazungumzo yale ndiyo nusu ya somo, mwanangu.

Mdadisi: Wakuu, hii chai. Huyu anauza miwani. Kama kweli unafundisha START, ile njia ya kugawa majeruhi haraka iliyoanzia California 1983: majeruhi hawezi kutembea, anapumua mara 34 kwa dakika. Utepe gani?

MkufunziZamu: Nyekundu. Ikizidi 30 ni nyekundu, hata kama anaongea. Na binti yule alikuwa amefika kwenye kipimo cha ukucha: unabonyeza, unaachia, damu irudi ndani ya sekunde 2. Alikuwa anabonyeza hewa. Miwani ilipotoka, kidole gumba kiliendelea kubonyeza, pale pale chini ya meza. Nitungie nini?

Mdadisi: Samahani mkuu.

KakaWodi: Barua umeshaipeleka?

MkufunziZamu: Iko kwenye droo.

MamaZamu: Ikae humo. Mpigie mtoto kwanza.

MkufunziZamu: Napiga. Inaita, hapokei.