Nyumba za bei nafuu Dar es Salaam zijengwe wapi?

Mpenda Jiji
Ndugu zangu, pale Magomeni Kota nyumba za chini zilizochakaa zilibomolewa, yakajengwa maghorofa, na mwaka 2022 kaya 644 za wakazi wa zamani zikarudishwa palepale walipokuwa wakiishi. Kwingineko, tangu mradi wa serikali wa kupima na kuuza viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002, tumezoea kupeleka makazi mapya pembezoni: Bunju, Kibada, Gezaulole, Buyuni. Msimamo wangu ni kwamba fedha ya umma ifuate mfano wa Magomeni, kwa kuwa maji, umeme na mabasi ya mwendokasi tayari vipo. Mtu wa kipato cha chini asitupwe porini kwa kisingizio cha unafuu.

Mkazi wa Buyuni
Kaka, huko unakokuita porini ndiko nilikosomesha watoto wangu. Nilipohamia nilichimba kisima mwenyewe, nikachangia nguzo za umeme na majirani, na nyumba nimeijenga chumba baada ya chumba kadiri fedha ilivyopatikana, jambo ambalo huwezi kulifanya kwenye ghorofa. Leo nina hati yangu mkononi. Naomba mtuheshimu tuliotangulia kabla ya lami.

Binti wa Manzese
Shikamoo kaka. Hongera kwa hati, lakini ulianza na fedha ya kiwanja. Mimi nauza supu na chapati Kariakoo, na saa kumi alfajiri sufuria linapaswa kuwa jikoni. Kutoka Manzese nawahi kwa bodaboda. Nikihamia Buyuni, nauli peke yake itameza faida ya siku nzima. Kwa hiyo nitaendelea kupanga, na hapo ndipo tunapoumizwa: mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, dalali naye anadai ya mwezi mmoja. Wenye nyumba wa jiji hili wametawaliwa na tamaa.

Mama Mwenye Nyumba
Mwanangu, mimi ni mjane na nyumba yangu ina vyumba sita, choo kimoja. Choo kikijaa, gari la majitaka halikubali kulipwa kidogo kidogo, na kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kila mwezi, awepo mpangaji asiwepo. Nilijaribu kupokea mwezi kwa mwezi. Mpangaji akalipa miezi miwili, kisha akazima simu huku akiendelea kulala ndani. Tamaa unayoisema iko wapi hapo?

Mzee wa Sinza
Enzi zetu ilikuwapo Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Pango ya mwaka 1984, na mpangaji alikuwa na mahali pa kulalamika. Ilifutwa mwaka 2005. Nikirudi kwenye hoja ya mwanzo, Sinza nayo ilikuwa pembezoni tulipogawiwa viwanja miaka ya 1970. Barabara na mabomba yalitangulia, watu wakajenga wenyewe, na leo ni mjini. Kosa la miradi ya baadaye ni kupima viwanja, kuviuza, kisha kuacha huduma zije zikipenda, hata wenye fedha wakanunua vitatu vitatu na kuviacha vimeota majani.

Mkazi wa Buyuni
Mzee, shikamoo. Cha kwangu hakijaota majani.

Binti wa Manzese
Mama, sikukulenga wewe, ila nakuomba unisikilize. Chukua dhamana ya mwezi mmoja, tuandikishane kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, halafu nikulipe kila mwezi kutokana na mauzo yangu. Miezi sita kwa mpigo ndiyo mtaji wangu wote. Nikikupa wewe, biashara inakufa, na nikifa kibiashara hutalipwa miezi sita inayofuata.

Mpenda Jiji
Hayo yote yanatokana na uchache wa vyumba karibu na kazi. Vingekuwa vingi, mama angegombea wapangaji badala ya wapangaji kumgombea yeye.

Mama Mwenye Nyumba
Kijana, hata vyumba vikiwa vingi, nani atanitolea yule aliyezima simu? Alikaa kwangu miezi minne bure, nami nikizungushwa ofisi kwa ofisi. Binti, dhamana naikubali, lakini iwe ya miezi miwili.

Binti wa Manzese
Mmoja na nusu, mama yangu, na choo tuchangie wapangaji wote.