Tupeane uzoefu: ulipokuwa mjamzito ulikatazwa tunda gani?

Mama K: Wifi yangu ana mimba changa. Juzi kanyang'anywa kipande cha nanasi mkononi, nikakumbuka yangu. Nyie mlikatazwa nini?

Bi Zuu: Papai bichi, na hilo nakubali. Ule utomvu wake mweupe una papaini, kimeng'enya kinachoyeyusha protini. Kwenye majaribio ya panya ulifanya mji wa mimba ubane. Lililoiva vizuri nilikula mpaka najifungua, ndilo lililonisaidia choo kigumu.

Nuru: Kama Bi Zuu.

Subira: Naandika huku natetemeka. Mimba yangu ya kwanza ilitoka wiki ya tisa. Maumivu yalianzia kiunoni usiku, damu zikafuata, alfajiri hakuna kitu. Narudi nyumbani, hata sijakaa, mama mkwe ananiuliza mbele ya watu: "Ulikula nini?" Mmoja akadakia kwamba aliniona na nanasi. Basi, nikawa nimemuua mwanangu. Mume wangu akanyamaza, na kimya chake kiliniuma kuliko zile damu. Baadaye daktari akanieleza kwamba mimba nyingi zinazotoka mapema zina hitilafu za kromosomu, na kwamba bromelaini, kile kimeng'enya kinachofanya nanasi liogopwe, kwenye vipande vya kula ni kidogo mno kutoa mimba. Nani angemwambia mama mkwe?

Mzalendo: Wakubwa hawakukataza bure. Ukiacha nanasi miezi tisa unapungukiwa nini?

Nuru: Kaka, mtu kapoteza mtoto, wewe unatetea katazo! Soma tena alichoandika.

Mzalendo: Nimesoma. Pole yake. Bado nasema tahadhari haiumizi.

Bi Zuu: Imemuumiza Subira.

Mkunga: Subira mwanangu, pole sana, hukuua mtu. Miaka yote ya kuzalisha, ninachoogopa mimi ni tunda lililokatwa likaachwa. Mwaka 2011 huko Marekani, matikiti ya kantalupu yenye bakteria wa listeria yaliua watu 33, na mjamzito mmoja mimba yake ikaharibika. Huyo mdudu huzaliana hata ndani ya friji. Osha tunda kwa maji yanayotiririka kabla kisu hakijapita, hata kama utalimenya, kisha kata ule papo hapo. Ukishikwa na homa na mwili kuuma, usijitibu, wahi ukapimwe.

Mama Pacha: Mie acheni juisi! Nilipata kisukari cha mimba, nikaambiwa nile tunda zima.

Asha: Mie niliambiwa vidonge vya kuongeza damu nimezee juisi ya chungwa, ndipo madini yanaingia vizuri.

Mkunga: Mama Pacha ale chungwa lenyewe, vitamini C inayosaidia madini kuingia ni ileile. Na wenye presha mnaomeza nifedipini, balungi msiguse bila kumuuliza daktari, linazidisha nguvu ya dawa mwilini.

Mama K: Nimemsomea wifi yote. Anauliza, embe bichi je?

Bi Zuu: Aoshe, ale. Kiungulia kikimshika aache kwanza kulila.