Tupeane uzoefu: ndege ikipata hitilafu kidogo tu, ukishuka unakuta imeshakuwa ya chama fulani

Kaka wa Ilomba

Wakuu salama? Naomba tupeane uzoefu, wale mliowahi kuwa ndani ya ndege ikapata kamsukosuko ka kawaida, halafu mnashuka mnakuta mitandaoni watu wameshagawana, hawa chama tawala hawa upinzani, na nyie mliokuwemo hamna habari. Naanza mimi.

Miaka kadhaa nyuma natoka Dar naenda Songwe, uwanja wa kule Mbeya, ndege ya asubuhi, nawahi kikao cha mahari ya mdogo wangu na hela ya mahari ninayo mimi, nusu kwenye begi nusu kwenye soksi. Mnaoijua Songwe mnaijua, uwanja ulianza kazi 2012 lakini ukungu wa kule hauna adabu, na kipindi hicho taa za njia ya kurukia hakuna. Tumefika juu, ukichungulia chini ni kama bakuli la uji. Tukazunguka mara ya kwanza, mara ya pili, rubani akatangaza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama konda anayesema gari linaishia hapa, kwamba hali ya hewa hairuhusu, tunarudi Dar. Basi. Hakuna aliyepiga kelele, mzee wa pembeni yangu alisonya tu akaendelea na usingizi wake.

Kumbe dada wa siti ya mbele alikuwa anarekodi. Tumetua Dar, nawasha simu, mjomba anapiga analia ananiuliza kama nimeumia. Umia nini tena? Video imeshasambaa, kichwa cha habari YANUSURIKA KUANGUKA MBEYA. Nikaingia kwenye komenti. Wa kwanza anasema haya ndiyo matokeo ya kununua ndege kwa keshi bila kushirikisha watu, wa pili anamjibu wewe umetumwa na mabeberu, wa tatu anauliza mbona Chato, kwao Magufuli, kuna uwanja wa maana. Nimeshuka mpaka kidole kimechoka, hakuna hata mmoja aliyetaja neno ukungu. Na ndege yenyewe wala haikuwa ya serikali!

Mahari ilienda wiki iliyofuata kwa basi, wakwe wakatupiga faini ya kuchelewa.

bibi_shamba

😂😂 soksi tena. Endeleeni nasoma

Mwana wa Nyanza

Yangu ni ya Kisumu, enzi zile jaa la Kachok bado liko katikati ya mji na wale korongo wakubwa wamejaa kila mahali kama askari wa zamu. Tulikuwa tunashika kasi kupaa tukasikia puu, rubani akafunga breki, ndege ikasimama kabla haijainuka. Ndege wa angani kaingia kwenye injini, maskini. Tukashuka, mafundi wakaanza kuchokora manyoya.

Sasa jamaa mmoja akaandika "ndege yagongana na ndege Kisumu". Kiswahili chetu hiki! Watu wakasoma ndege mbili zimegongana. Ndani ya nusu saa kuna mtu anahesabu waliokufa na mwingine anataka majina ya abiria. Ilipokuja kujulikana ni korongo, nikadhani wataona haya wanyamaze. Wapi! Wakahamia kwa nani anawafuga hao korongo. Wa gavana wanasema uwanja ni wa serikali kuu, wa serikali kuu wanasema takataka ni za kaunti, halafu likaingia kabila, na likishaingia kabila mimi hufunga simu. Korongo mwenyewe hata kura hana.

Mbongo Dallas

Msidhani ni kwetu tu. Mimi napakia mizigo uwanja mmoja huku Texas, mwaka wa tisa huu. Mimi nawaambia nilivyoiona ikigeuka.

Januari 2023, tarehe 11, mfumo wa kutuma taarifa kwa marubani ulizima, ndege nchi nzima zikazuiwa kuruka asubuhi. Pale kwenye chumba cha kupumzikia nina wenzangu wawili, mzungu mmoja wa Republican, na dada mmoja mweusi wa Democrat. Mzungu siku hiyo alikuwa anaunguruma, waziri wa usafiri wa Biden, Buttigieg, hafai, ang'oke. Dada anamwambia mitambo ya zamani hiyo, waziri anahusika vipi. Haya. Ikaja 29 Januari 2025, ndege ya abiria na helikopta ya jeshi zikagongana pale Washington juu ya mto Potomac, watu 67, hakupona mtu. Kesho yake tu, miili mingine bado majini, Rais Trump anaongea na waandishi anahusisha na sera za kuajiri watu mchanganyiko. Uchunguzi hata haujaanza vizuri. Baada ya hapo ni fujo. Ile ndege iliyopinduka Toronto 17 Februari, watu 80 wakatoka wote hai, muujiza wa viti na mikanda ule, lakini watu hawakuongelea mikanda, waliongelea rubani ni mwanamke au si mwanamke, mpaka shirika likatoa taarifa kwamba marubani wana vyeti vyao kamili.

Na mwaka huo huo mitambo ya uwanja wa Newark, jirani na New York, ilipozima, waziri sasa ni wa Trump, waongozaji wakapoteza rada na redio kwa kama dakika moja na nusu hivi, mzungu wangu anasema mitambo ya zamani hiyo, waziri anahusika vipi. Dada anaunguruma, waziri ang'oke. Naapa walibadilishana maneno yale yale, mimi nimekaa katikati na wali wangu wa maharage.

Ila kinachoniuma ni kingine. Zamani tairi likipasuka tunabadilisha tunaendelea. Siku hizi likipasuka, kabla jeki haijafika abiria wanauliza rubani ni nani, yaani anafananaje. Tairi halijui hayo.

Fundi Spana

Ngoja na mimi niseme, ila sitaji nafanya kazi wapi na msiniulize.

Nianze na lile la injini maana ndilo linaloniletea ugomvi hata nyumbani. Zile Airbus A220 za Air Tanzania zilipoanza kulala chini 2022, kwenye grupu la ukoo baba mdogo anasema hujuma, binamu anasema serikali ilinunua mabovu. Nikawaeleza injini za PW1500G, ndizo za hizo A220, zilisumbua dunia nzima, airBaltic ya Latvia nao walipaki, Swiss ya Uswisi nao walipaki, mtengenezaji mwenyewe alizidiwa, injini zikawa zinapanga foleni karakana. Binamu akaniita chawa. Sawa. Nikasema lakini pia shirika lenye ndege chache linatakiwa lijipange mapema na injini za akiba. Baba mdogo akaniita msaliti. Siku moja, mtu mmoja, majina mawili.

Lakini hayo ni maneno tu. Niwape la kazini. Sanduku la vifaa la fundi wa ndege si kama la gereji ya mtaani. Kila spana ina kitundu chake kimechongwa kwa umbo lake, ukimaliza kazi unarudisha, ukiona kitundu kitupu ndege haitoki mpaka kipatikane, hata kama ni kibisibisi cha kidole. Maana kikibaki ndani kinaweza kukwamisha waya, kinaweza kumezwa na injini. Sasa tulikuwa na dogo mmoja, mwanafunzi, usiku akahesabu akaona pungufu moja. Angeweza kununua nyingine akapachika, nani angejua. Akasema. Tukafungua tulipokuwa tumefunga, tukatafuta na tochi, asubuhi ikachelewa karibu saa mbili, spana ikakutwa imelala mahali ambapo sitaki hata kufikiria. Kwa utaratibu wetu yule dogo anatakiwa apewe mkono.

Kilichotokea, abiria mmoja kupitia kioo cha jengo akapiga picha mfuniko wa injini uko wazi na sisi tumeinama pale, akaandika NDEGE IMEKUFA UWANJANI, HII NDIYO NCHI YETU. Ikabebwa na watu wenye wafuasi wengi, wa upande huu wakaitumia kutukana, wa upande ule wakajibu kwamba ni mafundi wamehujumu. Wakubwa wakapigiwa simu na wakubwa wao. Simu zikapigwa marufuku karakana, hilo nalikubali. Ila dogo akaitwa kujieleza mara tatu, na mpaka leo wanamwita Yule wa Spana.

Niambieni nyie. Siku nyingine akikuta kitundu kitupu, atasema?

Ndiyo maana ule Mkataba wa Chicago wa 1944, wa kimataifa wa usafiri wa anga, kiambatisho chake cha 13, umeandika wazi kwamba uchunguzi wa ajali lengo lake ni kuzuia nyingine, si kugawa lawama, na ripoti ya awali inapewa siku 30. Sisi siku 30 hatuna, tuna dakika tatu za bando.

Shemeji wa Chato

Fundi nimekusoma na dogo nimemhurumia, lakini naona uzi unaelekea kwenye "wananchi nyamazeni hamjui". Hapana. Taa za Songwe zilipigiwa kelele mpaka bungeni. Unadhani bila kelele zingewekwa? Kaka wa Ilomba mwenyewe kakiri, taa hazikuwepo, sasa ukungu ni wa Mungu lakini taa ni za nani? Na nyingine hii hapa: Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania kwenye orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa anga lake, Juni 2025 wakaongeza mashirika yote yaliyosajiliwa Tanzania, na walichokilalamikia ni usimamizi wa usalama. Hilo nalo tusiliongelee kisa ni siasa?

Fundi Spana

Hapo sikupingi shemeji. Tena hilo ndilo lingetakiwa kubishaniwa mwezi mzima, wakaguzi ni wangapi, wamesomeshwa wapi, wanalipwa nini, maana wakaguzi wazuri hawaokotwi. Nikaangalia, siku mbili watu wanasema wivu wa mabeberu, siku ya tatu tumerudi kwenye video ya tairi.

Kaka wa Ilomba

Shemeji umenibana, taa kweli. Siku ile hata mimi sikuuliza taa, niliuliza faini ya wakwe.

Mhaya halisi

Mimi naomba mnisamehe sitachekesha. Ile ya Precision Air iliyoanguka Ziwa Victoria pale Bukoba, Jumapili 6 Novemba 2022, sio hitilafu ndogo, msiichanganye. Watu 43 walikuwemo, 19 tuliwazika. Nataja kwa sababu ya jioni yake.

Asubuhi mvua, ziwa limechafuka, sisi tuko ufukweni na kamba, unavuta huku unajua unavuta ndege, huwezi kuvuta ndege kwa mikono lakini ukiachia utafanya nini. Wavuvi walikwenda na mitumbwi yao. Jioni nimefika nyumbani viganja vimechubuka nashindwa hata kushika kijiko, nikafungua simu. Ubishi ulikuwa umeshaanza, serikali ilichelewa, mwingine anasema msiichafue serikali kwenye msiba. Siku zilizofuata ukahamia kwa yule kijana mvuvi aliyepewa ajira zimamoto, mlango alifungua yeye au alifungua mhudumu wa ndege, watu wasiojua Bukoba iko upande gani wa ziwa wanapima maelezo yake kama mahakama. Kuna mmoja akaniandikia kabisa kwamba sisi wa pale tulipangwa. Nilitaka nimpigie picha viganja nimtumie. Nikaona hapana, ataviita vya chama gani.

bibi_shamba

Pole sana Mhaya. Poleni wote wa Kagera.

Mwana wa Nyanza

Pole ndugu yangu.

Kaka wa Ilomba

Pole sana mkuu, uzi huu ni wako pia.

Halafu wakuu hamtaamini, naandika hii niko uwanjani Dar, safari ya Songwe hiyo hiyo, leo hakuna mahari. Tumeambiwa tusubiri, kuna tairi linabadilishwa, na kweli naliona pale kupitia kioo, fundi kachuchumaa, mwingine kashika tochi. Kaka aliyesimama mbele yangu kashapiga picha tatu, sasa hivi anaandika. Nimejinyoosha shingo nasoma begani kwake. Kaandika "Kwa serikali hii", kafuta. Kaandika "Wapinzani watasema", kafuta. Kanigeukia ananiuliza eti bro, ndege hii ni ya nani?