GPS ya gari haishiki satelaiti, antena au redio?

Wakuu habari, niko Mtwara mjini, gari ina redio ya android, ramani inafunguka vizuri ila kamshale kamegoma hapo hapo bandarini hata nikiwa nimeshafika Mikindani, simu kwenye gari hiyo hiyo inasoma fresh. Fundi anasema ninunue redio nyingine. Kweli?

Mkorosho_Newala: Usinunue kitu mkuu. Hiyo antena ya GPS inakula umeme kutoka kwenye redio kupitia waya wake huo huo, kwa hiyo chomoa plagi yake nyuma ya redio, washa redio, weka mita ya umeme kwenye DC (umeme kama wa betri) upime kwenye tundu la redio, kati ya pini ya katikati na ganda la nje, taratibu usije ukagusanisha ukapiga shoti. Ukipata kama volti 3 hadi 5 redio inatoa umeme, tatizo liko kwenye antena au waya. Ukikuta sifuri hata antena mpya haitasaidia, redio ndo mbovu.

Dada wa Lindi: Na angalia plagi jamani, huku pwani chumvi inakula kila kitu, ikiwa na ukijani isafishe kwanza. Antena imekaa wapi?

Muuliza swali: Imefichwa ndani ya dashibodi, chini ya bati la redio.

Mkorosho_Newala: Hapo haioni anga, chuma kinaziba. Ihamishie juu ya dashibodi, karibu na kioo, gari ikae nje uwanjani, usubiri dakika kadhaa. Ikigoma azima antena nyingine ujaribishie kabla hujatoa hela.