Tupeane uzoefu: mechi ya tenisi ya Olimpiki iliyokutoa machozi

Wavu Mrefu:
Wakuu, heshima kwenu. Leo nimekutana tena na ile video ya Djokovic baada ya kutwaa dhahabu ya Olimpiki ya Paris, kapiga magoti kwenye udongo mwekundu wa Roland Garros, mkono unatetemeka, nikajikuta koo limekaba. Huyu mtu nimemfuata tangu shaba ya Beijing 2008. Rio 2016 Del Potro alimtoa raundi ya kwanza, akatoka uwanjani analia, na mimi nikalia. Tokyo akaondoka mikono mitupu. Basi tarehe 4 Agosti 2024 sikuthubutu kukaa mbele ya runinga. Nilisimama nyuma ya mlango nikisikiliza sauti tu. Miaka 37, goti limefanyiwa upasuaji miezi miwili nyuma, na mbele yake yupo Alcaraz wa miaka 21! Mechi nzima hakuna aliyepoteza gemu aliyoanzisha mwenyewe. Taibreki mbili (gemu ya kuamua seti ikifika 6-6), 7-3 na 7-2. Niliposikia mtangazaji anapiga kelele ndipo nikaingia. Mwenye yake aitupie hapa.

Dada Raketi:
Umenikumbusha mbali. Yangu ni Monica Puig wa Puerto Rico, Rio 2016. Wiki ile nilikuwa nimeachishwa kazi, nawasha runinga ili nisifikirie. Hakuwemo hata kwenye wachezaji waliopewa namba za juu, na anacheza fainali na Kerber, bingwa wa Australian Open mwaka ule. 6-4, 4-6, 6-1. Puerto Rico walikuwa wanashiriki Olimpiki tangu 1948 bila dhahabu hata moja. Ulipopigwa wimbo wao nilisimama peke yangu sebuleni.

Kona ya Seva:
Naunga mkono. Ile seti ya tatu hata mimi sikukaa.

Mzee wa Nyasi:
Tusidanganyane jamani. Kwa tenisi, Olimpiki ni pambo. Tangu 2016 haina hata pointi za viwango. Federer hana dhahabu na bado ni Federer.

Wavu Mrefu:
Anayo mkuu. Beijing 2008, wawili wawili, yeye na Wawrinka.

Mzee wa Nyasi:
Nazungumzia mmoja mmoja, usinizungushe. Na kama kipimo ni dhahabu, Murray anazo mbili mfululizo, London na Rio. Mbona hamumuiti mfalme?

Dada Raketi:
Ile ya Rio alimenyana na Del Potro zaidi ya saa nne. Nani anateseka saa nne kwa ajili ya pambo?

Mstari wa Nyuma:
Ninyi wote mnawalilia washindi. Ngoja niseme la kwangu, sijawahi kulisimulia popote.

Athens 2004, fainali ya wawili wawili. Massú na González wa Chile dhidi ya Kiefer na Schüttler wa Ujerumani. Wajerumani wanaongoza seti mbili kwa moja, taibreki ya seti ya nne ubao unasoma 6-2. Pointi nne za mechi, yaani wakipata moja tu wameshinda. Nne! Zote zikayeyuka. Mechi inaisha saa nane na nusu za usiku zimeshapita, Chile wanapata dhahabu ya kwanza katika historia yao, na siku hiyo hiyo Massú akarudi kumfunga Mardy Fish seti tano, akabeba na ya mmoja mmoja. Watu wanamkumbuka Massú. Macho yangu yalibaki kwa wale wawili waliokuwa upande wa pili wa wavu.

Miaka mitatu kabla ya hapo nilisimama pale pale waliposimama. Haikuwa Olimpiki, ni mashindano ya vijana tu, nusu fainali, nacheza na rafiki yangu niliyekua naye. Taibreki, 6-2, tunaongoza sisi. Pointi ya kwanza wapinzani waliipiga vizuri, sina la kusema. Ya pili mwenzangu akagonga wavu. Ya tatu nikatoa seva zote mbili nje, pointi ikapotea. Ya nne ndiyo inayonirudia usiku mpaka leo: mpira mwepesi, umenijia usawa wa kifua, uwanja mzima uko wazi. Naikumbuka hata nembo ya ule mpira, imefutika upande mmoja. Kichwani nilishaanza kushangilia. Ukagonga utepe mweupe wa juu ya wavu, ukapanda, ukaangukia kwetu. Seti ikaenda, mechi ikaenda.

Chumba cha kubadilishia nguo nikamwambia mwenzangu kwamba yeye ndiye aliyetuangusha. Yeye! Zipu ya begi lake ilikuwa imekwama, akahangaika nayo muda mrefu bila kuniangalia. Hatukucheza pamoja tena.

Sasa binti yangu ana miaka 14, anacheza, na kila akifika pointi ya mechi mkono unakuwa mzito kama wangu ulivyokuwa. Nimwambie nini?

Kona ya Seva:
Dah. Nimesoma mara mbili.

Dada Raketi:
Pole sana kaka. Mwambie asitazame ubao kabisa. Acheze mpira ulio mbele yake.

Mzee wa Nyasi:
Hapana, atazame! Asipoujua ubao, siku akiusikia kwa mwamuzi atashtuka zaidi. Ila awe na utaratibu mmoja kabla ya kila pointi, iwe ya kwanza au ya mwisho. Mnakumbuka Nadal alivyokuwa akipanga chupa zake? Mwili ukizoea jambo moja, mkono haupati nafasi ya kuogopa.

Kona ya Seva:
Au amalize kazi mapema kama Serena kwa Sharapova, London 2012. 6-0, 6-1. Taibreki azisikie kwa wenzake.

Wavu Mrefu:
Mkuu Mstari, mimi ningemsimulia kila kitu, pamoja na ule mpira wa utepe. Ajue baba yake naye mkono ulimgomea.

Mzee wa Nyasi:
Na yule mwenzako mliwahi kuongea?

Mstari wa Nyuma:
Mara moja, msibani. Aliniuliza kama bado nacheza, nikajibu hapana. Ile mechi hakuna aliyeitaja. Namba yake ninayo.