Mrejesho: boksi ya umeme ya brika 8 (swichi za kinga), Mamboleo Kisumu

Wakuu, ile boksi niliyowaonyesha, mkasema nyutro zake (nyaya za kurudisha umeme) zimesukwa kama nywele, nimeifungua yote. Meini swichi ilizimwa, lakini nyaya zinazotoka kwenye mita bado zina stima, kwa hivyo nilipima kwanza. Sasa kila nyutro inakaa tundu lenye namba ya brika yake. Ukitafuta hitilafu hubabaiki.

Kwenye brika ya shawa ya umeme mlikisia sawa kwamba waya haukushikwa vizuri. Waya wa milimita 6 za mraba ulikuwa umeshika weusi: skrubu ilibana ganda badala ya shaba, mguso ukawa hafifu, joto likapanda. Nimekata sehemu iliyoungua, nikamenya milimita 12, nikakaza, nikavuta kujaribu. Taizi (vifungo vya plastiki vya nyaya) nimeziacha zilegee kidogo, zisiumize ganda.

Lebo za brika bado sijabandika.